Ushuru wa Daraja la Nyali, Ukiutazama kutoka Kikoneni

Shehena ya embe ikitoka Kikoneni, Kwale, kwenda soko la Kongowea ina maji mawili mbele yake. Ya kwanza ni ya Likoni, mlango wa meli zinazoingia bandari ya Kilindini. Hapo gari hulipa, tena hungoja. Ya pili ni ya Nyali, upande wa pili wa kisiwa cha Mombasa, na hapo gari hupita mbio juu ya saruji bila dereva kugusa mfuko. Mimi ni mtu wa matunda, nilianza na kanta ya kukodi nikaja nikapata yangu, na nimewasikia madereva wetu wakilieleza jambo hili kana kwamba ni kazi ya Mungu: kusini tumepewa bahari, kaskazini wamepewa daraja, basi.

Lakini daraja la Nyali halikushuka kutoka mbinguni. Lilipojengwa mara ya kwanza lilikuwa la kulipia, na lilikuwa la kampuni, si la serikali. Tena ushuru wake ulizua kesi iliyovuka bahari ikasikilizwa London, na hadi leo mwanafunzi wa sheria Nairobi, Dar es Salaam au Lagos huisoma, pengine bila kujua Nyali iko wapi. Sisi tunaopita juu yake na magunia ndio hatuijui kesi hiyo.

Anayetaka kuelewa atazame kwanza Mombasa ilivyokaa. Ni kisiwa. Upande wa bara, pale Makupa, maji ni membamba, na ndipo reli ya Uganda ilipoingilia. Daraja la kwanza hapo lilijengwa mwaka 1896 likaitwa Salisbury, jina la Waziri Mkuu wa Uingereza wa wakati huo. Baadaye Makupa pakajazwa mawe na udongo ili magari yapite, maji yakazibwa, na ni mwaka 2022 tu ndipo daraja jipya lilipokamilika na bahari ikaachiwa kupita chini yake tena. Kusini ni Likoni, na Kilindini yenyewe. Kaskazini ni mkondo unaotoka baharini, unapita mbele ya Mji wa Kale na Bandari ya Kale, unazunguka hadi Tudor. Ng'ambo ya mkondo huo ndiko Nyali, Kisauni na Kongowea.

Ng'ambo hiyo haikuwa pori tupu. Ludwig Krapf, mmishonari Mjerumani, alimzika mkewe huko mwaka 1844, na mnara wa kumbukumbu upo upande wa Nyali hadi leo. Mwaka 1875 wamishonari wa Kianglikana wakaanzisha Freretown, kijiji cha watu waliokombolewa utumwani, na kengele yao ndiyo iliyozaa jina Kengeleni, pale ambapo leo makondakta wanaita abiria wa Bamburi na Mtwapa. Kisha likaja shamba kubwa la mkonge. Watu wote hao walivuka kwa mashua na ngalawa, na mzigo wao ulivuka hivyo hivyo.

Halafu wenye ardhi ya Nyali wakapiga hesabu ambayo mfanyabiashara yeyote ataielewa. Kampuni ya Nyali Limited ilikuwa na ardhi nzuri, yenye upepo wa bahari na ufuo mweupe, dakika chache tu kutoka mjini, lakini dakika hizo zilikuwa juu ya maji. Kiwanja ambacho mnunuzi anakifikia kwa mashua hakiuziki kama kiwanja anachokifikia kwa motokaa. Kampuni ikakubaliana na serikali ya kikoloni kwamba itajenga daraja, nayo iruhusiwe kutoza ushuru kwa wanaopita. Daraja likafunguliwa mwaka 1931, na Nyali ikageuka mtaa wa matajiri, wengi wao Wazungu wakati ule. Mwaka 1946 ikaja hoteli ya Nyali Beach. Mteja wa hoteli alishuka melini Kilindini, akapanda gari, akapita darajani, akafika na viatu vikavu.

Siwalaumu kwa kutoza. Aliyetoa fedha zake atataka zirudi. Ila nataka ijulikane kwamba daraja la kwanza la Nyali halikujengwa kwa ajili ya mama wa Kongowea aliyetaka kuuza mihogo soko la Mackinnon. Huyo alinufaika, naam, lakini alinufaika kwa kupita katika njia ya mtu mwingine, na kwa bei ya mtu mwingine.

Lenyewe lilikuwa daraja la kuelea. Nguzo hazikuzamishwa chini ya mkondo. Njia ililazwa juu ya maboya makubwa ya chuma yaliyopangwa safu kutoka ukingo hadi ukingo. Ni njia ya haraka na nafuu ya kuvuka maji yenye kina, na majeshi yameitumia tangu zama za kale. Shida yake ni kwamba bahari ya Mombasa haitulii mahali pamoja. Hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Ukingo hausogei, lakini daraja linapanda na kushuka. Kwa hiyo ncha zake zote mbili lazima ziwe na kipande cha njia chenye bawaba, kinacholala sawa maji yakijaa na kuinama kama paa maji yakipwa.

Marehemu baba yangu alikuwa utingo wa lori la nazi na korosho, na daraja hilo alilijua kwa magoti yake. Shehena nyingine zilikuwa za Kisauni, kwa hiyo walishuka feri Likoni, wakakata kisiwa, wakaingia Nyali. Alisema kitu cha kwanza dereva alichouliza kabla ya kuondoka mjini si bei ya nazi, ni maji: yamejaa au yamekupwa? Yakiwa yamekupwa, lori lenye mzigo liliteremka kuingia darajani likiwa limeegemea breki, na likifika ng'ambo likalazimika kukwea. Hapo utingo hakukaa juu ya mzigo. Alishuka akatembea nyuma ya tairi akiwa na kabari ya mti mkononi, na lori likionyesha dalili ya kurudi nyuma, aliitupa kabari chini ya tairi na kuruka pembeni. Chini yake mbao zikilia, chuma kikigongana na chuma, na maji yakionekana katika nafasi za mbao. Baba hakuwa mwoga, lakini alisema alikuwa akisoma Yasini moyoni mpaka tairi za mbele zikanyage ardhi.

"Na pesa mlimpa nani?" nilimuuliza.

"Wa kibandani. Yeye haulizi umebeba nini wala umelala wapi. Anataka chake."

Sasa tuje kwa waliokataa kumpa wa kibandani chake.

Katika vita vya pili vya dunia na baada yake, Mombasa ilikuwa mji wa jeshi. Kulikuwa na meli za kivita, kulikuwa na makambi, na magari ya jeshi la Mwingereza yalipita daraja la Nyali kila mara. Kampuni ikasema: gari ni gari, lipeni. Upande wa serikali ya Uingereza ukasema: hatulipi. Hoja yao haikuwa kwamba hawana pesa. Walisema kwamba kwa sheria za kale za Kiingereza, mfalme au malkia halipi ushuru wa daraja, na gari la jeshi lake ni gari lake. Kampuni ikaenda mahakamani.

Hapo ndipo jambo la shilingi za daraja lilipofumua swali kubwa kuliko daraja lenyewe. Mombasa, kisheria, haikuwa ardhi ya malkia. Ukanda wa pwani wa maili 10 ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, na Waingereza walikuwa wakiusimamia kwa mkataba wa mwaka 1895. Bendera nyekundu ya Sultani ilipepea juu ya Ngome ya Yesu hadi 1963. Je, heshima ya kale ambayo mfalme wa Uingereza anapewa juu ya madaraja ya Uingereza inamfuata mpaka kwenye daraja lililo katika ardhi ya Sultani? Na je, sheria ya Kiingereza ikiletwa Afrika inakuja nzima, pamoja na mizizi na matawi yake yote, au inakuja sehemu?

Mwaka 1955 kesi ilikuwa mbele ya Mahakama ya Rufani ya Uingereza, na mmoja wa majaji alikuwa Denning, ambaye baadaye alikuja kuwa jaji maarufu kuliko wote nchini mwake. Amri iliyoleta sheria za Kiingereza huku ilikuwa na kifungo kwamba zitumike kadiri hali ya nchi na ya watu wake inavyoruhusu. Denning alikishika kifungo hicho. Akasema, kwa maana yake, kwamba sheria ya Kiingereza ni kama mti wa mwaloni: huwezi kuung'oa kule ukaupanda Afrika ukatarajia uwe na ugumu ule ule ulionao kwao. Utastawi, lakini unataka kutunzwa na kupogolewa ufae udongo mpya. Kesi ikapanda hadi Nyumba ya Mabwana. Shilingi zenyewe leo hazimshughulishi mtu, ila mwaloni wa Denning umekuwa ukitajwa katika mahakama za Afrika kila wakili anapotaka kusema kwamba sheria fulani ya kigeni haitufai.

Mimi nikimsikia jaji wa London akizungumza miti, huwa natamani angepita Kikoneni. Sisi mwaloni hatuujui. Lakini mkorosho tunaujua, na mkorosho nao si wa huku. Wareno waliuleta kutoka Brazili. Hakuna aliyeupogoa ufae udongo wa Kwale. Uliota kwa ukaidi wake, ukawa wetu, na leo ukimwambia mzee wa Kidigo kwamba ni mti wa wageni atakucheka. Ushuru wa daraja nao ni hivyo hivyo. Umeletwa, umeota, na hauhitaji kubembelezwa ukue. Wa kubembelezwa ni yule mkubwa ili alipe kama wadogo.

Maana hilo ndilo lililonigusa nilipoelezwa kesi hii na kijana mmoja wa kwetu aliyesomea sheria. Baba yangu na kabari yake hawakuwahi kufikiria kwamba kuna hoja ya kutolipa. Mwenye baiskeli, mwenye punda, mwenye lori la nazi walifika kibandani wakatoa. Aliyekuwa na hoja ni mwenye bunduki, tena hoja yenyewe ilichimbwa kutoka enzi ambazo hapa hapakuwa na motokaa wala daraja.

Uhuru ulikuja, magari yakaongezeka, hoteli zikajipanga ufuoni hadi Bamburi na Shanzu, na daraja la kuelea likazidiwa. Vivuko vya Mtwapa na Kilifi vilikuwa na visa vyake. Pale Mtwapa feri ilivutwa kwa mnyororo na wanaume walioimba huku wakivuta, na wazee wa huko hukuimbia ukiwaomba. Daraja jipya la Nyali, la saruji, lenye njia 6 na urefu wa karibu mita 400, lilifunguliwa mwaka 1980. Lilijengwa na kampuni ya Kijapani ya Sumitomo. Wajapani haohao wakahusika na Kilifi, daraja lililofunguliwa 1991, na kwa hiyo leo mtu akiondoka Mombasa kwenda Malindi anavuka kila mkondo akiwa ndani ya gari, anazungumza kwa simu, hajui hata kama amevuka.

Kaskazini ikapata hayo. Kusini tukabaki na feri.

Na hapa nitakuwa mwadilifu, kwa sababu nimewasikia watu wakisema kwamba tumeachwa kwa makusudi. Makusudi pengine yapo, lakini sababu ya kwanza ni meli. Katika mkondo wa Nyali, majahazi yaliyoleta tende na kuondoka na boriti yalitia nanga Bandari ya Kale, ambayo iko kabla ya kufika darajani ukitoka baharini. Daraja, liwe la kuelea au la saruji, halikuwa na chombo kikubwa cha kuzuia. Likoni ni tofauti. Kila meli ya makontena, ya mafuta na ya ngano inayolisha Kenya, Uganda, Rwanda na mashariki ya Kongo inapita hapo. Ukiweka daraja la chini umefunga bandari. Ukitaka daraja lisilofunga bandari, lazima liwe juu kupita mlingoti wa meli, na likiwa juu hivyo linahitaji njia ndefu ya kupandia pande zote mbili, na njia hiyo inapita juu ya nyumba za watu. Mpango wa daraja la namna hiyo upo, unaitwa Mombasa Gate Bridge, na shirika la Kijapani la JICA limeshiriki katika kuuandaa. Kwa miaka sasa tumeuona katika michoro.

Kwa hiyo tangu mwaka 1937 Likoni ni feri. Anayetembea kwa miguu anavuka bure, jambo ambalo ni la haki na naliunga mkono. Gari ndilo linalolipa. Feri zimepita nyingi, nyingine zimezeeka majini: Nyayo, Harambee, Kilindini, kisha Likoni na Kwale zilizokuja 2010, kisha Jambo mwaka 2017. Na kuna ile ambayo jina lake watu wa kusini bado hawalitamki ovyo, MV Mtongwe, iliyopinduka tarehe 29 Aprili 1994 ikiwa imejaa kupita kiasi, wakafa watu 272. Wakati wa korona serikali ikatandaza daraja la kuelea la watembeao kwa miguu kutoka Liwatoni, lililofunguliwa mwanzoni mwa 2021. Lilikuwa na kipande cha katikati kilichofunguka kupisha meli. Nilipolitazama mara ya kwanza nilimkumbuka baba: miaka 90 baada ya Nyali, kusini nasi tumeletewa maboya, lakini ya miguu tu. Embe haziwezi kutembea.

Watu wasiofanya biashara ya matunda hufikiri kulipa feri ndiyo gharama yenyewe. Hiyo ni ndogo. Gharama ni kungoja. Embe ngowe iliyochumwa imeanza kuiva, ikapakiwa Kikoneni jioni kwenye vikapu vya makuti, ikateremka kwa vumbi hadi lami ya Lunga Lunga, inafika Likoni bado imekaza. Ukikuta feri moja imeharibika, foleni imepanda hadi juu kule, kanta inasimama, injini imezimwa, turubai limefunikwa kwa kuhofia wezi. Chini ya turubai joto linapanda. Embe hupumua, embe moja iliyoiva huivisha jirani yake. Ukilifunua turubai alfajiri unapigwa na harufu tamu, na harufu hiyo kwa mwenye mzigo ni habari mbaya, maana sokoni haitafika embe, itafika juisi. Tajiri wangu wa Kongowea, mama mmoja wa makamo ambaye huanza kuchagua kabla sijazima gari, hubonyeza tu kwa kidole gumba.

"Baba, hizi zimeivia njiani. Nikupe nusu?"

Na mimi najua, naye anajua, kwamba ile nusu nyingine imebaki Likoni.

Ushuru wa barabara nchini, kwa bahati, tumeujaribu zaidi ya mara moja, kwa hiyo si jambo la kubahatisha. Sheria ya ushuru wa barabara za umma ilipitishwa mwaka 1984, vikajengwa vituo vya kutozea katika barabara kuu, dereva anasimama, analipa, anapewa risiti, anaendelea. Vituo hivyo vilikuwa na foleni na lawama zake. Mwaka 1993 Bunge likaweka njia nyingine: tozo ya matengenezo ya barabara inayokatwa ndani ya bei ya mafuta. Haina kibanda, haina risiti, lakini hakuna anayeikwepa. Julai 2024 tozo hiyo ilipandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa kila lita. Kanta yangu ikinguruma katika foleni ya Likoni, inalipia barabara ambayo haijaikanyaga. Halafu mwaka 2022 Nairobi ikafungua barabara yake ya juu, kilomita 27, ya kulipia, na mjadala wa ushuru ukaamka upya nchini kote.

Umetufikia na sisi, kwa sababu hatimaye kusini tumepata daraja. Barabara ya Dongo Kundu inaondoka katika barabara ya Likoni na Lunga Lunga pale Kibundani, inazunguka nyuma ya bandari, inavuka maji ya Mteza na ya Mwache, inatokea Miritini. Ni kilomita 17 na kitu. Daraja la Mteza peke yake linapita kilomita moja. Awamu ya kwanza, upande wa Miritini, ilifunguliwa 2018, na 2024 magari yakaanza kupita yote mpaka huku kwetu, kwa mkopo wa Wajapani kwa sehemu kubwa. Werevu wake ni kwamba haikushindana na meli: badala ya kuruka mlango wa bandari imezunguka uani kwake, ambako meli kubwa haziendi.

Kwa mzigo wa Kikoneni mabadiliko haya ni makubwa. Unaweza kuondoka usiku ukala maili zako bila kuuliza feri ngapi ziko majini. Kwenda Kongowea bado unapita Changamwe, Makupa na kisiwani ndipo ufike Nyali, na ukitazama kwenye ramani ni kuzunguka kweli, dizeli inateketea. Lakini dereva wa matunda akiambiwa achague kati ya kuzunguka na kungoja, atazunguka. Kinachozunguka kinapata upepo.

Ndipo ikaja rasimu ya sera ya taifa ya ushuru wa barabara, na Dongo Kundu imo katika orodha ya barabara zinazofikiriwa kutozwa. Katiba ya 2010 inataka wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha za umma, kwa hiyo mikutano lazima iitishwe, na katika mikutano ya namna hiyo huku kwetu huwa kuna soda, hotuba za waheshimiwa, na dakika kumi za mwisho za maswali. Mimi nimeyaandaa yangu mapema.

La kwanza ni la hesabu: tozo ya lita ninayolipa sasa itapunguzwa kwa anayelipa darajani, au nitalipa mara mbili kwa lami moja? La pili ni la mzigo. Kanta ya embe na lori la makontena yasihesabiwe kama ndugu. Lori la makontena ndilo linalokula barabara, na ndilo lenye kampuni nyuma yake. Matunda ya msimu yana miezi michache tu ya kuingiza fedha, na ushuru ukiwekwa juu yake hautatoka kwa dalali wa Kongowea, utatoka kwa mchumaji wa Kikoneni, kwa sababu dalali atanibonyezea bei nami nitambonyezea yeye aliye chini yangu. La tatu ni la wagonjwa. Gari linalomtoa mgonjwa Msambweni kumpeleka hospitali kuu ya Makadara lisisimamishwe kutafutiwa chenji, wala teksi au tuktuk iliyombeba mjamzito usiku kwa sababu ambulensi haikupatikana.

Na la nne nitaliuliza hata nikikatazwa, maana kambi ya jeshi la wanamaji iko Mtongwe, upande huu huu wa Likoni, na magari yake yatapita Dongo Kundu kama yanavyopita ya wengine: je, yatalipa? Kama hayatalipa, iandikwe katika sheria, kifungo kwa kifungo, ni gari la nani lisilolipa na kwa nini, ili lisianze la jeshi, likafuata la wizara, likafuata la mheshimiwa, mpaka kibandani ibaki kanta yangu na bodaboda wa Kibundani.